Kwa nini tunamhukumu mtuhumiwa siku ya kukamatwa

Mleta mada ameuliza kwa nini kesi ya mauaji huwa imeshakwisha vichwani mwetu kabla shahidi wa kwanza hajaapa, na mahakama ikimwachia mshtakiwa tunasema jaji kala mlungula. Nimeandika habari za mahakamani Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, katika mahakama ya hakimu mkazi ya Kisutu na Mahakama Kuu, kwa hiyo nijibu kwa niliyoyaona.

Kesi ya mauaji Kisutu huanza hivi. Karandinga linaingia, wapiga picha wanakimbilia mlangoni, mahabusu wanashuka wameficha nyuso kwa fulana. Ndani, mashtaka yanasomwa kwa dakika chache, kisha hakimu anawaambia washtakiwa wasijibu chochote, maana mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji. Upelelezi haujakamilika, kesi itatajwa tena baada ya wiki mbili, warudi rumande. Hakuna ushahidi hata chembe uliotolewa. Lakini kesho yake ndiyo habari kubwa ya ukurasa wa mbele, yenye picha, na maelezo yote ndani yake ni ya polisi.

Baada ya hapo ni kuahirishwa mwezi baada ya mwezi. Mhariri anachoka, na mimi napangiwa kesi nyingine. Ushahidi unapokuja kusikilizwa Mahakama Kuu, pengine miaka imepita, na kwenye benchi la waandishi nakuta nimekaa peke yangu. Niliwahi kuandika habari ya kijana aliyeonekana hana kesi ya kujibu. Mama yake alikaa chini palepale koridoni, akalia. Gazeti lililokuwa limemtoa ukurasa wa mbele alipokamatwa likaiweka habari yake ndani, aya tatu, kando ya tangazo la mnada. Mtaani kwao ni nani aliyeiona?

Kesi ya Zombe inaonyesha pande zote mbili za jambo hili. Januari 2006 polisi Dar walitangaza kuwa wameua majambazi wanne katika majibizano ya risasi, na vyombo vya habari vikaipokea kauli hiyo kama ilivyo. Kumbe waliouawa walikuwa wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi. Ndugu zao walipopaza sauti, waandishi waliibeba sauti hiyo bila kuchoka, Rais Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, na askari wakafikishwa mahakamani akiwamo Abdallah Zombe, aliyekuwa kigogo wa upelelezi mkoani. Kwa hilo nawapa heko wenzangu. Bila wao, marehemu wale wangebaki majambazi hadi leo.

Ila jina moja likameza kesi nzima. Agosti 2009 Jaji Salum Massati alipowaachia washtakiwa wote tisa, vijiweni hapakuwa na mjadala wa ushahidi, ilikuwa hasira tupu. Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) alikata rufaa, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja wa askari hao, Christopher Bageni, akahukumiwa kunyongwa, huku Zombe akiachiwa tena. Hadi leo nakutana na watu wanaojua kuwa Zombe aliachiwa, lakini Bageni hawajawahi kumsikia. Mahakama ilimpima kila mshtakiwa peke yake, wakati sisi wasomaji tulishawafunga wote kwenye fungu moja.

Yupo aliyeandika hapo juu kwamba magazeti hayawezi kudhuru kesi kwa sababu kwetu anayeamua ni jaji, wala si raia kumi na wawili kama Marekani. Sikubaliani naye kabisa. Jaji anaweza kulifumbia macho gazeti, shahidi je? Chukua gwaride la utambuzi. Mama aliyevamiwa usiku anatakiwa amtambue mtu katika mstari wa watu wanaofanana. Kama sura ya mtuhumiwa ilishatoka kwenye runinga na WhatsApp, wakili wa utetezi atamuuliza swali moja tu: ulimwona wapi kwa mara ya kwanza? Tangu hukumu ya mwaka 1980 katika kesi ya mtu aliyeitwa Waziri Amani, ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho unapimwa kwa tahadhari kubwa sana. Picha tuliyoishangilia asubuhi inaweza kumtoa jambazi halisi mlangoni mwa mahakama.

Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike. Mnaponiuliza nifanye nini nikisoma habari ya mtu kukamatwa, jibu langu ni hili: tazama nani kasema. Kama ni kamanda wa polisi peke yake, basi umesoma upande mmoja, subiri. Na hukumu ikitoka, ingia TanzLII, tovuti inayoweka hukumu za mahakama za Tanzania, uisome yenyewe, ni bure. Anza na ya rufaa ya Zombe, kisha urudi hapa tubishane kwa ushahidi.