"Take" ilivyonitesa na wanafunzi wangu wa Changsha

Juzi usiku nimepata meseji WeChat kutoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani wa Changsha, mji wa China, kapata 7 kwenye IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, halafu kamalizia: "mwalimu, siku hizi sili tena dawa." Nikakaa kitandani machozi yananilenga, na nitawaambia kwa nini.

Kabla ya 2021, serikali ya China haijabana tuisheni, nilikuwa nafundisha Kiingereza kwenye kituo kimoja pale mjini. Siku moja nikaandika "take" ubaoni, chini yake nikashusha maana kumi na nne, kila moja na Kichina chake. Wakanakili zote kwa kalamu za rangi, mi nikajiona mwalimu kweli. Wiki ya pili huyu binti wa meseji akasoma insha yake ya Kiingereza kwa sauti, badala ya "take" kaweka "eat" na "sit", yaani jana alikula dawa, kisha akalikalia basi. Nikacheka. Mbele ya darasa zima. Akawa mwekundu mpaka masikioni na mwezi mzima hakunyoosha mkono, hiyo inaniuma mpaka leo.

Kumbe hakukosea ovyo. Kwa Kichina dawa inaliwa, "chi yao", na basi unakaa, "zuo che", wakati sisi dawa tunakunywa hata kama ni kidonge, na basi tunapanda. Mwingereza yeye kote humo anapitisha "take" tu. Ila picha wanapiga kama sisi, "pai zhao", na hiyo "pai" ndo ile ya kupiga makofi! Simu nayo wanapiga, "da dianhua", hata chafya wanapiga.

Hapo nikajiuliza, mi "piga" nilijifunzaje? Hakuna aliyenipa orodha. Mama alisema piga deki, piga pasi, kapige mswaki ulale, basi, kila neno lilikuja na mwenzake. Nikafuta orodha zangu zote, nikawa naleta "take" moja kwa siku na kwa wakati wake. Mchana wanapolaza vichwa kwenye madawati wasinzie kidogo, ndo nafundisha "take a nap". Viatu mlangoni, "take off". Haikusahaulika.

Na hapo hapo masaa yangu yakapunguzwa kwa sababu wazazi walitaka mwalimu mzungu, bosi kaniambia usoni bila aibu. Wanafunzi walikuwa wanaelewa lakini hilo halikuhesabiwa.

Sasa wewe unayejiandaa kwenda kufundisha kule, nakuomba, usiwape orodha. Wape neno na mwenzake. Jifunze Kichina chao kwanza ujue kosa linatoka wapi, na usimcheke mtoto wa mtu anayejaribu, narudia, usimcheke, maana wewe una lugha mbili tatu kichwani, unajua fika neno moja linavyoweza kukugeuka.

Nilipompongeza akanirushia picha ya daftari lake la enzi hizo. "Take a nap", na pembeni kachora kichwa kimelala juu ya dawati, kwa kalamu ya kijani.