Kwa mnaoanza kushona sanamu za kitambaa: uzito kwanza, umbo baadaye

Wengi wanaoanza kazi hii hapa Kampala huja na mchoro mzuri: mapafu, mfuko wa uzazi, shina linalochipua. Wanashona umbo kama lilivyo kwenye karatasi, wakilitundika linashuka na kuwa gunia. Kabla ya kuchora, chukua soksi ndefu ya kike, tia mchanga kiasi, funga, tundika kwenye msumari. Angalia inanenepa wapi, inakonda wapi. Nyama ya mwili huning'inia hivyohivyo, na mtazamaji huitambua bila kuambiwa. Msanii Ernesto Neto wa Brazili hujaza manjano na karafuu kwenye vitambaa vinavyovutika, akauachia uzito ufanye uchongaji. Harufu nayo ikaenea chumba kizima.

Kwa kujaza, mabaki ya sponji za magodoro ni mepesi na hurudi umbo. Sufi ni tamu mkononi ila hufanya madonge, kwa hiyo ichambue kwanza, ujaze kidogo kidogo ukianzia kwenye ncha.

Sasa lubugo, kitambaa cha gome la mti, na hapa naomba mnisikilize sana. Gome la mti wa mutuba huvunwa msimu wa mvua, likapondwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo. Shina lililobanduliwa hufungwa majani ya mgomba mpaka liote gome jipya. UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka 2005. Anayetaka kusema habari za mwili na kuota ameshapewa ngozi ya kiumbe kinachopona. Inaniuma kuiona ikibandikwa gundi kama karatasi ya ukutani.

Lubugo haikufumwa, haina nyuzi za kuzuia mpasuko. Ukishona kwa hatua fupi fupi, umetoboa mstari wa kuchania. Tumia sindano nyembamba, hatua ndefu, na uweke bitana ya pamba ndani. Kwenye mapindo, katakata ukingo wa bitana kidogo kabla ya kugeuza, la sivyo utavutika. Kipande kirefu ukikishona na kifupi, mikunjo inayojitokeza ni ile ya kiwiko, iache.

Kamba ya kutundikia isishike lubugo kamwe. Ishike mkanda mnene ulioshonewa kwenye bitana, toka juu mpaka chini. Kisha tundika kazi siku kadhaa kabla ya maonyesho, maana vilivyojazwa huendelea kushuka, ndipo ufungue mshono wa juu na kuongeza.