Duka lisilo na mlango

Mzee wa Kaunta alisimama nyuma ya kaunta za maduka ya Kisumu kwa miaka 23. Katika ukurasa huu hujibu maswali ya wasomaji kuhusu kazi za dukani.

SWALI: Mzee wa Kaunta, shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 20, kwetu ni Luanda, Vihiga. Tangu nimalize Kidato cha Nne nimekuwa nikimsaidia mama kuuza omena. Mwezi jana niliona karatasi imebandikwa kwenye nguzo ya stima pale steji: "Wauzaji wa dukani wanatakiwa haraka. Uzoefu si lazima. Sh25,000 kwa mwezi." Nilipiga simu, nikaambiwa nifike Kisumu kesho yake na vyeti vyangu.

Tulikuwa vijana kama thelathini katika chumba cha ghorofani. Hakuna aliyeulizwa habari za kuuza, tuliulizwa ndoto zetu. Tukapita sote. Nililipa Sh500 za fomu na Sh1,000 za shati na mkoba.

Hilo duka sijaliona hadi leo. Saa moja asubuhi tunaimba na kupiga makofi, kisha tunagawiwa seti za visu na kutawanywa Kondele, Manyatta na Mamboleo, tukibisha nyumba hadi nyumba. Seti ni Sh650, yangu ni Sh100. Hakuna mshahara mwingine. Kwa siku 12 nimeuza seti 19. Seti moja ilichomolewa mkobani nikiwa Kondele, nikakatwa Sh650 zote. Nikilalamika naambiwa nivumilie, na kwamba nikileta watu watatu nitakuwa kiongozi wa timu. Binamu yangu yuko tayari kuja Jumatatu. Mama anasema mwanzo mgumu. Je, mimi ndiye mzembe? Na zile Sh1,500 zinaweza kurudi?
— Msomaji wa Luanda

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kabla ya lolote, mpigie binamu yako simu leo hii umwambie abaki nyumbani. Mengine tutazungumza polepole.

Mtu wa kaunta hasomi barua yenye tarakimu bila kuzijumlisha, kwa hiyo nimekupigia hesabu nyuma ya bahasha. Seti 19 ni Sh1,900. Toa Sh650 za ile iliyoibwa, unabaki na Sh1,250. Nauli hukuitaja, lakini tuseme Luanda kuja Kisumu na kurudi ni Sh200 kwa siku, na hapo nimekuhurumia. Siku 12 ni Sh2,400. Weka na Sh1,500 ulizotoa kabla hujashika hata kisu kimoja. Zimekutoka Sh3,900, zimekuingia Sh1,250. Umetembea juani siku 12 kwa hasara ya Sh2,650, na chai ya mchana sijaihesabu. Mzembe hawezi kuuza seti 19 za visu Manyatta, mahali ambapo kila nyumba unayobisha ina kisu tayari. Wewe unajua kuuza. Kilichoharibika ni kazi yenyewe.

Umesema unauza omena, basi hili utalielewa kuliko mimi. Omena havuliwi kwa chambo. Wavuvi huwasha taa usiku ziwani, samaki wakafuata mwanga wenyewe hadi wavuni. Ile Sh25,000 ndiyo taa. Amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024 ilimwekea kibarua wa kawaida katika jiji kama Kisumu kima cha chini cha Sh16,113.75 kwa mwezi, mbali na pesa za nyumba. Maduka mengi yanalia kwamba hata hicho ni kingi. Sasa ni tajiri gani atakayemruka mwenye uzoefu ampe Sh25,000 mtu ambaye hajawahi kufungua droo ya pesa? Na wenye uzoefu wapo tele. Supamaketi la Nakumatt, lililoanza kama duka la magodoro Nakuru, lilifungwa kabisa mwaka 2020. Supamaketi la Tuskys, nalo asili yake ni Rongai kwa huko huko Nakuru, likafunga matawi moja baada ya jingine. Makeshia na wapanga rafu waliomwagwa barabarani wakati ule, wengine nawajua kwa sura, na wapo bado wanaotafuta. Tangazo linalosema "uzoefu si lazima" na papo hapo linataja pesa nyingi linakutafuta wewe hasa, kwa sababu hujui bei ya kazi.

Kingine, jina la duka liko wapi kwenye karatasi ile? Duka lina mlango, lina bango, lina jirani anayemjua mwenyewe. Mtu anayetaka wafanyakazi wa duka lake haoni haya kulitaja.

Nikueleze duka la kweli linavyoajiri, maana hili halibandikwi kwenye nguzo. Mara nyingi halitangazi kabisa. Kuanzia Oktoba na Novemba, wateja wa Krismasi wanapokaribia, meneja huwauliza wafanyakazi alionao: nani ana mtu mwaminifu? Mwingine huchukua barua zilizoachwa kwa askari wa mlango wa nyuma, pale mizigo inapopokelewa. Ukiitwa, atakuuliza kama unaweza kusimama kutwa nzima, kama kwenu ni mbali na zamu ya jioni, halafu atakupa noti ya elfu na bidhaa za Sh685 uone utarudisha chenji gani. Ndoto zako hana haja nazo. Na wale wasichana unaowaona katika supamaketi wamevaa fulana za kampuni ya sabuni au maziwa, wakikuonjesha na kupanga rafu, wengi wao si wa supamaketi. Wameletwa na kampuni ya bidhaa au wakala wake, na ndiko mshahara wao unakotoka. Ukitaka kuanzia hapo, muulize mmoja wao akuonyeshe msimamizi wake. Wengi hawana choyo.

Nami nilinaswa zamani, usinione mjanja. Niliitikia tangazo la "karani wa mauzo" kwa muuzaji wa jumla, nikaenda nimevaa tai ya kaka yangu. Nilipewa gunia la kuweka begani ili sukari isinichubue. Miezi minne nilibeba magunia ya kilo 50, tai ikiwa mfukoni. Lakini yule tajiri alikuwa na mlango, na kila Jumamosi alilipa. Wako hana hata kimoja.

Tuje kwa pesa zako. Tazama ujanja wao: seti ikiibwa, wewe ni mfanyakazi, unakatwa. Ukiuliza mshahara, wewe ni mfanyabiashara huru wa kamisheni. Sheria ya Ajira ya 2007 haimruhusu mwajiri kukata mshahara apendavyo. Mali ikipotea au kuharibika, hukatwi mpaka iwe ni kwa makusudi yako, na kuchomolewa kitu Kondele si makusudi ya mtu. Nenda ofisi ya leba, ile ya serikali ya mambo ya kazi, hapo Kisumu. Kupeleka malalamiko hulipi. Nenda na ujumbe wa M-Pesa wa zile Sh1,500, hata kama ulituma kwa namba ya mtu binafsi, maana jina lake limo. Daftari la seti ulizopewa lipige picha kabla hujarudisha mkoba, na ile karatasi ya nguzo pia, kama mvua haijaila. Mkiwa watano au sita mnaosema neno moja, afisa atawasikiliza upesi zaidi kuliko ukienda peke yako. Kuchukua pesa za mtu kwa udanganyifu ni kosa la jinai pia, kwa hiyo polisi si mlango uliofungwa. Kama zitarudi zote, sikuahidi. Watu wa vyumba vya ghorofani huhama haraka, ndiyo maana nakuhimiza uende wiki hii.

Kuhusu huo uongozi wa timu: pesa ya kiongozi hukatwa kutoka kwa jasho la wale watatu aliowaleta. Wa kwanza angekuwa binamu yako. Mama mwambie mwanzo mgumu ni wa biashara ya omena, ambayo angalau jioni mnajua mmebaki na nini.

SWALI: Mzee, mimi ni kijana wa Nakuru. Tangazo lilisema "msaidizi wa duka la nguo, mshahara mzuri". Nilipofika nikaambiwa mwezi wa kwanza ni majaribio, bila malipo. Mwezi umeisha, sasa bosi anasema niongeze mwingine. Duka lipo kweli na wateja ni wengi. Nifanye nini?

JIBU: Wewe angalau una mlango. Majaribio yamo katika sheria, na hayapaswi kuzidi miezi sita, ila mkikubaliana kuyaongeza. Lakini ni ya kukupima kazi, hayamruhusu akunyime mshahara. Hata akitaka kukuachisha katikati ya majaribio, lazima akupe notisi ya siku saba, au akulipe za siku hizo saba.

Usigombane naye mbele ya wateja. Mwandikie ujumbe kwa simu leo jioni baada ya kufunga: "Bosi, naomba kujua mshahara wangu wa mwezi uliopita utalipwa lini." Usiongeze neno. Akijibu "mwezi wa kwanza hatulipi", amekuandikia ushahidi kwa mkono wake mwenyewe. Akinyamaza siku tatu, beba simu hiyo uipeleke ofisi ya leba hapo Nakuru, asubuhi na mapema kabla foleni haijawa ndefu.