Maswali na majibu: Mkemia asiyevaa koti jeupe

Tangu niseme hapa kwamba ugali wangu unatokana na kuchezesha RNA, ile nakala ya maelekezo ya vinasaba, ndani ya kompyuta, maswali yamejaa. Leo nayajibu machache, nikiwa kibarazani kwangu Moshi, umeme ukiwa umerudi sasa hivi.

Kijana wangu anasema anasomea kemia, lakini kutwa yuko kwenye laptop. Hana chupa wala koti jeupe. Ananidanganya? – Mama, Kibosho

Shikamoo mama. Hakudanganyi. Mwaka 2013 Martin Karplus, Michael Levitt na Arieh Warshel walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi ya namna hiyohiyo.

Molekuli ni atomu zinazovutana na kusukumana. Kompyuta inakokotoa nguvu hizo, inasogeza kila atomu kidogo, kisha inaanza upya. Hatua moja huwa ni femtosekunde mbili hivi. Femtosekunde ni nini? Igawe sekunde vipande bilioni moja, kisha kipande kimoja ukigawe tena mara milioni. Kuona sehemu moja tu kati ya milioni za sekunde kunahitaji hatua milioni 500, ndiyo maana mashine inanguruma hadi alfajiri. Kama kuna la kumuuliza kijana, muulize nani ananunua LUKU.

Shikamoo. Niko kidato cha sita, PCB. Nimeshajifungia mlango kwa kutosoma PCM? – Mwanafunzi, Arusha

Marahaba. Hujajifungia, ila ile BAM, hisabati mnayoisoma kwa kusukumwa, ishike kama somo la nne. Vekta, kalkulasi na takwimu ndivyo nitumiavyo kila wiki. Likizo ikifika jifunze Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na Python, lugha ya kuandikia programu. Na usiikimbie kemia ogania ukidhani kompyuta itakusaidia, maana mashine haijui kwamba umeichorea kaboni vifungo vitano.

Dawa za RNA si ndizo zinabadilisha vinasaba vya mtu? – Msomaji, Ngaramtoni

Mfikirie fundi cherehani wa Mbuyuni. Vipimo vyako viko kwenye daftari kuu ndani ya duka. Fundi wa kibarazani anapewa kikaratasi kilichonakiliwa, anashona kwa kukifuata. Daftari ndiyo DNA, kikaratasi ni RNA, nguo ni protini. Dawa za aina ya siRNA huchana kikaratasi. Nguo mbaya haishonwi, daftari halijaguswa, na dawa ikiisha mwilini vikaratasi vinaendelea kutoka kama kawaida.

Andrew Fire na Craig Mello walichapisha ugunduzi wa uchanaji huo mwaka 1998, wakitumia minyoo wadogo, na 2006 wakapata Nobel. Dawa ya kwanza ya siRNA, patisiran, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018. Hesabu mwenyewe: miaka 20.

Yapo matibabu yanayokwenda kweli kuhariri daftari, kama lile la selimundu lililoidhinishwa Uingereza mwishoni mwa 2023. Hiyo ni habari nyingine.

Kwa siku ya kawaida unafanya nini hasa? – Mwanafunzi wa uzamili, Tengeru

Hili nimelisubiri. RNA tupu ukiidunga kwenye damu, vimeng'enya vinaikatakata mara moja. Isitoshe, RNA ni mnyororo wa herufi, na kila kiungo kati ya herufi mbili kina fosfati yenye chaji hasi, na utando wa seli una mafuta, kwa hiyo haipiti. Wakemia wakaanza kuivika. Sehemu moja wanaondoa oksijeni na kuweka salfa. Sehemu nyingine, kwenye sukari, wanaweka florini au kikundi cha methili. Mwishoni wanaifunga sukari iitwayo GalNAc, ambayo seli za ini zina kipokezi cha kuidaka.

Ile salfa ndiyo inayonilaza macho. Ukiiweka, kiungo kinaweza kukaa kwa namna mbili, kama kiganja cha kulia na cha kushoto. Chukua nusinersen, dawa ya ugonjwa wa kudhoofika misuli kwa watoto: ina herufi 18, viungo 17, vyote vya salfa. Zidisha mbili 17 kwa pamoja, unapata maumbo 131,072 ndani ya kichupa kimoja! Mimi naiuliza kompyuta umbo lipi linashika vizuri na lipi linateleza, ili mwenzangu wa maabara asitengeneze kila kitu.

Lakini tusijisifu. Mengi ya mavazi hayo yaligunduliwa mezani, kwa mikono, sisi tukaja kueleza baadaye. Nikiwa mwanafunzi ughaibuni niliona RNA yangu ikifumuka taratibu, msokoto ukapotea, ikanyooka kama ngazi ya mwanzi. Nikakimbia kwa profesa nikidhani nimegundua jambo. Akacheka hadi akavua miwani. Kanuni za nguvu tulizotumia zilikuwa na kasoro kwenye pembe moja, ile inayounganisha sukari na herufi. Marekebisho yake yalichapishwa 2011. Ngazi ile ilikuwa ya kompyuta peke yake.

Baba ana lehemu nyingi. Nimesikia kuna sindano ya mara mbili kwa mwaka. Niagize? – Msomaji, Majengo

Ipo, inaitwa inclisiran, nayo ni siRNA. Inazuia ini kutengeneza PCSK9, protini inayolizuia ini kuondoa lehemu kwenye damu. Dozi ya pili hufuata baada ya miezi mitatu, kisha kila miezi sita, na mara nyingi huenda sambamba na statini, vidonge vya kushusha lehemu. Mpeleke mzee kwa daktari wake. Dawa ya kuletewa na mtu wa WhatsApp, hapana.

Nina miaka 34, nafundisha kemia sekondari hapa Arusha. Nitaanzaje bila kuhama? – Mwalimu

Mwalimu mwenzangu, kujifunza kunawezekana hapo ulipo. Programu za kuchezesha molekuli zipo: GROMACS ni bure, AmberTools ni bure, na hazina ya maumbo ya molekuli, Protein Data Bank, iko wazi tangu 1971. Kazi ikishakuwa nzito, watafiti wa Afrika huomba muda kwenye kompyuta kubwa za CHPC, kituo cha kompyuta cha Afrika Kusini kilichoko Cape Town. Unatuma amri tu, bando linatosha, na umeme wa kwako ukikatika mashine ya kule inaendelea.

Ajira ni suala jingine. Nyingi ziko kwenye makampuni ya Marekani na Ulaya, na wanaulizia udaktari wa falsafa kabla ya salamu. Usiache kazi ya serikali leo.

Jumamosi hii pakua kwenye hazina ile umbo lenye namba 1BNA. Ni DNA fupi, jozi 12 za herufi, imeshachezewa na vizazi vya wanafunzi. Iweke kwenye maji, ongeza chumvi, iache itembee usiku mmoja. Ikikunyookea kama ngazi, nitumie picha kabla hujamwonyesha mtu.