Jibu: Homa ya utitiri visiwani
Umeuliza kama homa iliyozuka Maldivi mwaka 2002 huambukizwa mtu kwa mtu. Hapana. Bakteria wake, Orientia tsutsugamushi, huingizwa mwilini na lava (mtoto aliyetoka yaini) wa utitiri, mdogo mno hata humwoni akikuuma. Cha ajabu, utitiri jike huwarithisha watoto bakteria hao kupitia mayai, ndiyo maana kichaka kilekile wanamoishi hubaki hatari miaka nenda miaka rudi. Panya nao huwabeba utitiri huku na kule. Palau, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, nayo ilipatwa na homa hii miaka hiyohiyo.

Ukishikwa na homa siku kumi hivi baada ya kufyeka, kagua kwapa na kinena: kidonda chenye gaga jeusi, mara nyingi kisichouma (wengine hawakipati kabisa). Mwambie daktari kuhusu kichaka. Dawa ni doksisaiklini, na kungoja majibu ya maabara kabla ya kuianza ni kosa.