Duara la milimita 18 peke yake halitoshi

Mdogo wangu, hongera, ila usikimbilie kuandika kwamba mchujo wako wa mwarobaini "unatibu" MRSA (bakteria wa Staphylococcus aureus sugu kwa dawa ya methicillin) kwa sababu ya duara la milimita 18, yaani eneo ambalo bakteria hawakuota, kwenye agari, ile jeli ya kukuzia bakteria. Ukubwa wa duara haupimi nguvu ya mchujo vizuri: vijenzi vyenye asili ya mafuta husambaa humo kwa shida, kwa hiyo mmea mzuri unaweza kuonekana hauna kitu. Pima kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria kukua, ukipunguza dozi kwa nusu kila kishimo cha sahani ya maabara. Na kishimo cha kulinganishia, chenye DMSO tupu (kimiminika cha kuyeyushia mchujo), kiko wapi? Msimamizi atakuuliza hilo kwanza!

Ukitaka kuujaribu mchujo kwa virusi pia: anza kupima kama una sumu kwa seli zenyewe unamokuzia virusi, mfano seli za Vero, zilizotokana na figo za tumbili. Mchujo ukiua seli, virusi havitazaliana, nawe utashangilia bure.