Kuzima hatua moja kwenye mifuatano 14 ya MDT

Kaka, kufungua mifuatano yote 14 (task sequence, yaani orodha za hatua za usakinishaji) ya MDT, zana ya Microsoft ya kusakinisha Windows kwenye kompyuta nyingi, mmoja mmoja ili uzime hatua ya kusakinisha programu ya zamani ni kujitesa bure. Hatua za kila mfuatano zimo kwenye faili la ts.xml tu, ndani ya folda ya Control, kwenye folda ndogo yenye jina la kitambulisho cha mfuatano huo. Nakili folda ya Control kwanza, iwe akiba. Kisha kwa PowerShell (zana ya amri ya Windows) lisome faili hilo kama XML, tafuta step (hatua) kwa jina lake (herufi kubwa na ndogo zifanane kabisa), geuza disable="false" iwe "true", hifadhi. Kwenye Save andika njia kamili: mimi niliandika jina tupu, faili likatua folda nyingine, nikalisaka asubuhi nzima. Na Workbench (programu ya kusimamia MDT) ifunge kabla, isije ikakufutia kazi. Anza na mfuatano mmoja, uujaribu kwenye kompyuta pepe.